Sura ya Nne: Matofali ya Lowell

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katikati ya karne ya 19 ilibeba nguo kwa wingi, na nguo iliyokubalika karibu kila kituo ilikuwa merikani: pamba isiyopaushwa, nzito, imara, iliyopimwa kwa shuka na doti. Kwa merikani mwenye msafara alinunua chakula cha wapagazi, alitoa hongo kwa mtemi ili apite katika nchi yake, na akafika kwenye pembe za ndovu akiwa bado na cha kubadilishana. Henry Morton Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, marobota ya nguo yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza alivyotafuta.

Nguo hiyo ilikuja na meli za wafanyabiashara wa Salem, bandari ndogo ya jimbo la Massachusetts. Sayyid Said alikuwa ameingia mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, miaka sita kabla Waingereza hawajapata wa kwao, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa nchi yake huku akiendelea na biashara. Meli ziliporudi zilipakia pembe, sandarusi, karafuu na ngozi. Sandarusi ilikwenda kutengenezwa vanishi. Pembe zilikwenda kukatwa kuwa vibao vya piano. Nyuma ya bandari hiyo, ndani ya jimbo, palikuwa na mito yenye maporomoko, na kando ya mito hiyo viwanda vya nguo vilikuwa vikiota kwa kasi ambayo Marekani haikuwa imewahi kuiona. Mkubwa kati ya miji hiyo ya viwanda ulikuwa Lowell.

Mji huo umepewa jina la mtu ambaye hakuuona. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikaa Uingereza kuanzia mwaka 1810 hadi 1812 na kutembelea viwanda vya nguo. Wakati huo Waingereza walikuwa wamepiga marufuku mashine zao na michoro yake kutoka nje ya nchi. Lowell aliangalia kwa makini, akahifadhi kichwani, na aliporudi nyumbani akashirikiana na fundi mahiri, Paul Moody, kuunda mashine ya kufuma inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Kiwanda chao cha Waltham kilikuwa cha kwanza Marekani kuingiza robota la pamba mlango mmoja na kutoa nguo iliyokamilika mlango mwingine, kazi zote zikifanyika chini ya paa moja. Alifariki mwaka 1817. Wenzake, wakiwa na fedha na tamaa ya kupanuka, wakatafuta mto wenye nguvu zaidi.

Waliupata Merrimack, mahali ambapo maji yanashuka kama meta 10 katika maporomoko ya Pawtucket. Palikuwa tayari na mfereji uliochimbwa miaka ya 1790 ili mashua na magogo yaweze kuyapita maporomoko. Walinunua kampuni ya mfereji pamoja na mashamba ya jirani, wakaupanua, wakachimba mingine, na mwaka 1823 nguo ya kwanza ilitoka katika kiwanda cha Merrimack. Mwaka 1826 mji ulipoandikishwa rasmi ulikuwa na watu wapatao 2,500. Mwaka 1850 walikuwa zaidi ya 33,000, na wafanyakazi wa viwandani peke yao walipita 10,000. Mfumo wa mifereji ulifikia urefu wa kilomita 9. Kiwanda cha Boott, ambacho ndicho tutakaa nacho zaidi katika sura hii, kilianzishwa mwaka 1835 kati ya mfereji na mto.

Waliofanya kazi humo mwanzoni walikuwa mabinti. Makampuni yalituma mawakala mashambani kote New England kuwatafuta wasichana, wengi wa umri kati ya miaka 15 na 30, na kuwaahidi wazazi wao kwamba watoto watalala katika mabweni yenye mama msimamizi, watakwenda kanisani Jumapili na watakuwa ndani ifikapo saa nne usiku. Kwa binti wa mkulima ambaye angebaki kumhudumia kaka au mjomba bila kushika senti, mshahara wa fedha taslimu ulikuwa jambo kubwa. Baadhi walisomesha ndugu zao wa kiume. Wengine waliweka akiba benki kwa majina yao wenyewe. Kati ya mwaka 1840 na 1845 walitoa jarida lao, *The Lowell Offering*, lililoandikwa na wafanyakazi wenyewe.

Lakini kengele ya kiwanda ndiyo iliyotawala. Wakati wa kiangazi iliwaamsha saa kumi na nusu alfajiri. Wiki ya kazi ilikuwa na wastani wa saa 73. Madirisha yalifungwa hata siku za joto, kwa kuwa uzi wa pamba hukatika hewa ikiwa kavu, na kwa hiyo binti alisimama kutwa katika ukumbi wenye unyevu, vumbi la pamba likielea, mamia ya mashine yakigonga kwa pamoja hadi sakafu inatetemeka. Makampuni yaliposhindana na bei zikashuka, wanahisa hawakutaka gawio lao lipungue. Idadi ya mashine kwa kila mfanyakazi iliongezwa, mwendo wake ukaongezwa, na mshahara ukakatwa.

Februari 1834 mabinti kama 800 walitoka nje kupinga kukatwa mishahara. Walishindwa. Mwaka 1836 gharama za bweni zilipopandishwa walitoka tena, safari hii kati ya 1,500 na 2,000, na makampuni kadhaa yakalazimika kurudi nyuma. Halafu akaja Sarah Bagley, mfumaji aliyekuwa na kipaji cha kusema na kupanga. Chama cha wanawake alichokiongoza kilikusanya maelfu ya saini kudai siku ya kazi ya saa kumi, na mwaka 1845 Bunge la Massachusetts lilisikiliza ushahidi wao. Kamati, iliyoongozwa na William Schouler, mbunge kutoka Lowell, ilikiri kwamba yapo malalamiko, kisha ikasema si kazi ya sheria kuyatatua. Wanawake hao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Hata hivyo walifanya kampeni dhidi ya Schouler, na uchaguzi uliofuata alianguka. Sheria ya saa kumi kwa wanawake na watoto ilipitishwa Massachusetts mwaka 1874, karibu miaka 30 baadaye. Nawataja kwa kirefu kwa sababu majengo haya ya matofali, ambayo leo watalii wanayapiga picha, yalilipiwa kwa migongo yao.

Na kwa migongo ya wengine ambao hawakuwahi kukanyaga Lowell. Karibu pamba yote ililimwa kusini mwa Marekani na watu waliotumikishwa utumwani. Charles Sumner, mwanasiasa wa Massachusetts aliyepinga utumwa, alizungumza mwaka 1848 juu ya ushirika kati ya mabwana wa mashine za kufuma na mabwana wa mijeledi. Alijua anachokisema, maana baadhi ya viwanda vya Lowell vilitengeneza kitambaa kizito cha bei ya chini kilichonunuliwa na wenye mashamba kuwavika watumwa wao. Mtu aliyechuma pamba ile Mississippi aliweza kurudishiwa pamba hiyohiyo imeshonwa kuwa shati. Katika miaka ya 1930, wazee waliozaliwa utumwani walipohojiwa kuhusu maisha yao ya utotoni, walikitaja kitambaa hicho kwa jina la mji: Lowell.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 na pamba ya kusini ikakatika, viwanda vingi vya Lowell viliona faida zaidi katika kuuza marobota yaliyokuwa maghalani kuliko kuyafuma. Maelfu walifukuzwa kazi. Unguja ilihisi pigo hilo pia. Merikani iliadimika, bei ikapanda, na nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi sokoni. Biashara ya Salem na Unguja haikurudia tena nguvu yake ya zamani.

Kuna mtu mwingine wa Lowell ambaye kazi yake iko Afrika Mashariki hadi leo, na wachache wanajua. James B. Francis, Mwingereza aliyehamia Marekani akiwa kijana wa miaka 18, alikuwa mhandisi mkuu wa mifereji ya Lowell tangu mwaka 1837. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila kampuni inapata maji iliyoyalipia, hakuna zaidi. Ili kupima matumizi ilimbidi aelewe maji yanavyokwenda, na katika majaribio ya miaka ya 1840 aliboresha mtambo unaoingiza maji kutoka pembeni kuelekea katikati na kuzungusha gurudumu la chuma kwa upotevu mdogo sana wa nguvu. Aina hiyo ya turbaini inaitwa Francis duniani kote. Kidatu inafua umeme kwa turbaini za Francis. Mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, kila mmoja wa megawati 235, ni ya Francis.

Francis huyohuyo mwaka 1850 alijenga lango kubwa la mbao juu ya mfereji mkongwe wa Pawtucket, likaning'inizwa kwa ukanda wa chuma, likisubiri mafuriko ambayo watu wengi waliamini hayatakuja. Walilicheka. Aprili 1852 mto ulifurika, mtu akapanda na patasi, akaukata ukanda wa chuma, lango likashuka na katikati ya mji ikaokoka. Liliushushia mji wokovu mara nyingine katika mafuriko makubwa ya mwaka 1936. Kufikia wakati huo, hata hivyo, maji hayakuwa tena hatari kuu kwa Lowell.

Kilichoumaliza mji ni kuhama kwa kazi. Baada ya mabinti wa mashambani walikuja Waairishi, kisha Wakanada wenye kusema Kifaransa, Wagiriki, Wareno na Wapolandi, kila kundi likipokea kazi ambayo kundi lililotangulia lilikuwa limeanza kuikataa. Makampuni yaliendelea kutoa gawio na kuacha mashine zizeeke. Umeme ulipoondoa ulazima wa kukaa kando ya maporomoko, mtaji ulikwenda kusini, karibu na mashamba ya pamba na mbali na vyama vya wafanyakazi. Katika miaka ya 1920 kampuni moja baada ya nyingine ilifunga au kuhama. Boott ilisimama mwaka 1955. Kampuni ya Merrimack, ile ya kwanza kabisa, ilifunga katika muongo huohuo na majengo yake yakavunjwa. Katika miaka ya 1960, kwa jina la kuufufua mji, mtaa wa Wakanada wa Kifaransa uliporomoshwa, na safu ya nyumba za wafanyakazi kwenye Mtaa wa Dutton ikafuata ingawa watu walipinga. Wapo waliopendekeza mifereji ifukiwe. Kizazi kizima kilikua kikiambiwa kwamba matofali yale ni alama ya kushindwa, na mtoto mwenye akili alishauriwa aondoke.

Aliyeugeuza mjadala alikuwa mwalimu. Patrick Mogan alifanya kazi katika elimu ya Lowell na baadaye akawa mkuu wa shule za mji huo. Aliona darasani kile ambacho wapangaji wa miji hawakukiona: mtoto anayefundishwa kuionea aibu kazi ya babu yake hujionea aibu mwenyewe, na masomo hayamwingii. Akaanza kusema kwamba mji mzima, pamoja na mifereji, viwanda, makanisa ya Wagiriki na vilabu vya Wakanada, ni shule. Wengi walimwona mwota ndoto. Alirudia wazo lake katika kikao baada ya kikao, kwa miaka, hadi wenye benki na madiwani wakaanza kulisema kama lao.

Paul Tsongas, mwana wa familia ya Kigiriki ya Lowell, alilibeba wazo hilo hadi Bunge la Marekani alipochaguliwa. Juni 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoanzisha Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria ya Lowell, ikiruhusu matumizi ya dola milioni 40. Hifadhi za taifa za Marekani zilikuwa zimejulikana kwa milima, misitu na medani za vita. Kutunza mji wa wafanyakazi uliochakaa lilikuwa jambo geni, na nadhani ndilo jambo bora kuliko yote katika kisa hiki. Serikali ilikubali kwamba mahali ambapo watu wa kawaida walifanya kazi na kugoma panastahili heshima ileile inayopewa mahali ambapo majenerali walipigana.

Sheria ilikuwa na busara nyingine. Hifadhi haikununua mji. Ilimiliki majengo machache, na tume maalumu ikatoa ruzuku na mikopo ili wenye majengo mengine wayakarabati kwa kanuni. Juu ya hapo palikuwa na nafuu ya kodi ya serikali kuu: anayekarabati jengo la kihistoria la biashara kwa kufuata masharti hupunguziwa kodi, na tangu mwaka 1986 kiwango chake ni asilimia 20 ya gharama ya ukarabati. Bila hesabu hiyo, mapenzi ya historia yasingetosha kuziba hata paa.

Inasaidia pia kwamba kiwanda cha pamba cha karne ya 19 kilijengwa vizuri mno. Jengo ni refu na jembamba, ghorofa nne au tano, kwa sababu mwanga wa kufanyia kazi ulitoka madirishani na ulipaswa kufika katikati ya ukumbi. Kwa hiyo madirisha ni makubwa na mengi. Boriti ni nene na sakafu ni ya mbao nzito zilizopangwa bila nafasi kati yake, maana makampuni ya bima yaligundua kwamba gogo nene huungua polepole, na kuwapa watu muda wa kuuzima moto. Ngazi ziko katika minara ya nje ili moto usipande kupitia humo. Ndani hakuna kuta, nguzo tu. Sakafu iliyobeba mashine zinazotikisika kwa miaka 100 haitahangaishwa na kabati na vitanda. Shida ziko kwingine: mafuta ya mashine yaliyolowa kwenye mbao kwa vizazi, rangi zenye risasi, matofali yaliyolegezwa na mtikisiko, na madirisha ambayo kila moja linadai fundi. Anayefikiri kukarabati kiwanda ni kupaka rangi na kuweka vioo afike Lowell aulize gharama.

Leo sehemu ya Boott ni nyumba za kupanga na ofisi. Viwanda vya Massachusetts, jirani yake, ni makazi. Wannalancit, ambako kusokota na kufuma kuliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kunatumiwa na Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell. Kwenye Western Avenue kiwanda kingine kimegawanywa kuwa karakana za mamia ya wasanii. Mto Merrimack bado unafua umeme.

Nisingependa msomaji aamini kwamba makumbusho yaliziba pengo la ajira. Kampuni ya kompyuta ya Wang ilihamia Lowell katika miaka ya 1970 na kwa muda iliajiri maelfu, na waandishi wengi wa wakati huo walichanganya neema ya Wang na neema ya hifadhi. Agosti 1992 Wang ilifilisika. Maghorofa yake mapya yalibaki matupu wakati viwanda vya karne iliyopita vilikuwa vikipata wapangaji. Hifadhi iliupa mji kitu cha kusimamia katika kipindi hicho kibaya, lakini mishahara ya kiwandani haikurudi.

Mwaka huohuo wa 1992 Makumbusho ya Kiwanda cha Pamba cha Boott yalifunguliwa. Ghorofa ya chini kuna ukumbi wa kufumia wenye mashine 88 za mwanzoni mwa karne ya 20, zimepangwa kwa safu kama zilivyokuwa, mikanda ya ngozi ikipanda hadi kwenye vyuma vinavyozunguka darini. Wageni hupewa vizibo vya masikio. Huwashwa chache tu kati ya hizo 88, na bado mtu hawezi kumsikia aliye kando yake. Mtande umenyooka, mshindio unarushwa huku na huku, na nguo inazaliwa kweli: taulo za jikoni zinazofumwa pale huuzwa dukani humohumo. Waliouandaa ukumbi huu walifanya uamuzi sahihi. Wangeweza kuweka mashine moja iliyong'arishwa ndani ya kioo, nasi tungeisifu kwa uzuri wake. Kelele zile zinamweleza mtoto wa shule kuhusu saa 73 kwa wiki kwa namna ambayo bango haliwezi. Na maonyesho ya juu hayaifichi pamba ya watumwa.

Ng'ambo ya ua, bweni la wafanyakazi wa Boott limekarabatiwa na kupewa jina la Mogan. Chini kuna meza iliyoandaliwa chakula na vyumba vya kulala vya mabinti. Sehemu nyingine ni kituo cha utamaduni kwa jamii zilizokuja baadaye. Jamii hizo ni nyingi. Baada ya mwaka 1980 wakimbizi wa Kambodia walifika kwa maelfu, na Lowell ikawa na moja ya jumuiya zao kubwa zaidi Marekani. Wakenya wamejenga maisha na makanisa yao hapo, na Wakongo pia wamefika kwa njia ya ukimbizi, kiasi kwamba Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosikika mitaani. Hilo lingemfurahisha Mogan, aliyeshikilia kwamba hadithi ya mji haikwisha walipofika Wagiriki.

Mashine zile 88 ziliundwa na kampuni ya Draper, katika kijiji cha Hopedale, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Lowell. Draper ilikuwa kinara wa watengenezaji wa mashine za kufuma nchini Marekani, na kiwanda chake kilikuwa jengo kubwa sana lililokaa juu ya mto katikati ya kijiji. Kilifungwa mwaka 1980, miaka miwili baada ya sheria ya Lowell kutiwa saini. Kilikuwa na matofali mazuri, maji, na historia isiyopungua ya Boott. Lakini Hopedale ilikuwa kijiji cha kampuni moja tangu nyumba hadi maktaba, na kampuni ilipoondoka jengo lilibaki mikononi mwa mmiliki binafsi, bila hifadhi, bila tume, bila mwalimu wa kulipigia kelele kwa miaka 10 mfululizo. Mipango ilikuja ikapita. Paa zilianza kuanguka. Kiwanda hicho kilikaa kitupu kama miaka 40, na kati ya mwaka 2020 na 2021 kilibomolewa.